Kama Watu Weusi Walivumbua Vyote Hivyo, Mbona Hawakutajirika?

SWALI

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Kagera. Kwenye kundi letu la WhatsApp la walimu ilipita orodha ndefu ya vitu vinavyosemekana kuvumbuliwa na watu weusi: balbu, taa za kuongozea magari, meza ya kupigia pasi, mashine ya viatu na vingine vingi. Mwenzetu mmoja akajibu kwamba hizo ni hadithi za kujifariji, mtu mweusi hajavumbua kitu. Nilipoipeleka orodha hiyo darasani, mwanafunzi wa kidato cha pili akaniuliza: "Mwalimu, kama walivumbua vyote hivyo, mbona hawakutajirika, na mbona hatuwajui?" Nilimwambia nitamletea jibu. Naomba unisaidie.

JIBU

Mwalimu, asante kwa kuandika. Mwanafunzi wako ameuliza jambo la maana kuliko ubishi wote wa kundini, na majibu yake yapo kwenye nyaraka.

Watu weusi wamevumbua, tena vitu vizito vilivyogeuza viwanda vizima. Orodha mliyoipata imetiwa chumvi. Na ukitaka kujua kwa nini wengi wao hawakutajirika wala kujulikana, usitazame karakana zao. Tazama ofisi za serikali, benki, mahakama na maduka: nani aliruhusiwa kula kiapo, kutia saini, kukopa mtaji, na kusimama mbele ya mteja akasema "hii ni kazi yangu". Humo ndimo walimonyang'anywa.

Niondoe chumvi kwanza, maana ukipeleka darasani dai moja la uongo na mtoto akaligundua kwenye simu ya mzazi wake, atayatupa na yale tisa ya kweli.

Lewis Latimer hakuvumbua balbu. Alichokifanya kinapendeza zaidi ukikijua sawasawa. Alizaliwa mwaka 1848 huko Chelsea, Massachusetts, wazazi wake wakiwa wametoroka utumwa Virginia. Alitumikia jeshi la majini akiwa kijana mdogo wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na vita vilipokwisha akapata kazi ya kutumwatumwa katika ofisi ya wanasheria wa hataza mjini Boston, kwa dola 3 kwa wiki. Hataza, kwa faida ya wanafunzi wako, ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Kwa Tanzania Bara wanaoshughulika nazo ni BRELA. Pale ofisini Latimer alikuwa akiwatazama wachoraji wakichora mashine za wateja. Akanunua vifaa vya kuchorea, akajifundisha, akaomba apewe nafasi ya kujaribu, na mwishowe akawa mchoraji mkuu. Michoro ya hataza ya simu ya Alexander Graham Bell ya mwaka 1876 imetoka mkononi mwake.

Sasa balbu. Zile za mwanzo ziliwaka kwa uzi mwembamba wa kaboni, uliopatikana kwa kuoka karatasi au nyuzi za mimea kwenye joto kali bila hewa. Ndani ya tanuri uzi ulisinyaa, ukapinda, ukakatika. Latimer aliuweka kila uzi ndani ya bahasha ndogo ya kadibodi, kitu kinachosinyaa kwa kiasi kilekile unachosinyaa uzi, hivyo ukatoka tanurini mzima na umbo lake. Alipata hataza ya njia hiyo tarehe 17 Januari 1882. Akasimamia ufungaji wa mitambo ya taa katika miji kadhaa, ukiwemo London. Mwaka 1884 akaenda kwa Thomas Edison, yule anayesifiwa kwa balbu, akawa shahidi wake wa kitaalamu mahakamani, na mwaka 1890 akatoa kitabu cha kufafanua taa za umeme. Mwambie mwanafunzi kwamba Latimer aliifanya balbu itengenezeke kiwandani bila kuharibika ovyo. Hiyo ni sifa kamili, wala haihitaji kuongezewa.

Vivyo hivyo Garrett Morgan wa Cleveland. Taa za kuongozea magari zilikuwepo kabla yake. Mjini kwake mwenyewe zilifungwa za umeme mwaka 1914. Hataza yake ya mwaka 1923 ni ya nguzo yenye mikono iliyozungushwa kwa mkono, na ubora wake ulikuwa ile hatua ya tatu, ya kusimamisha pande zote kwa wakati mmoja ili barabara iwe tupu kabla ya upande mwingine kuruhusiwa. Ukiona taa za njano pale njia panda, wazo la kutoa nafasi kati ya "nenda" na "simama" lina undugu na kazi yake. Sarah Boone, aliyepata hataza mwaka 1892, aliboresha meza ya pasi: aliifanya iwe nyembamba na yenye kupinda ili mikono na viuno vya magauni vinyooke vizuri. Meza zenyewe zilikuwepo.

Kuboresha ndiyo kazi ya wavumbuzi karibu wote duniani, weupe kwa weusi. Edison naye alikuta balbu za watu wengine. Kwa hiyo mwenzenu aliyesema "hawajavumbua kitu" kwa sababu tu walikuta kitu kipo, akitumia kipimo hichohicho kwa kila mtu, hatabakiwa na mvumbuzi hata mmoja.

Sasa nije kwenye swali lenyewe la mwanafunzi, na hapa nitakaa kidogo.

Mtu mweusi wa kwanza anayefahamika kupata hataza Marekani ni Thomas Jennings, fundi nguo wa New York, tarehe 3 Machi 1821. Alibuni njia ya kusafisha nguo bila kuzilowesha majini, mzazi wa hawa dobi wa kisasa tunaowapelekea suti. Jennings alizaliwa huru. Pesa alizopata alizitumia kuikomboa familia yake, maana mkewe alizaliwa mtumwa, na kuchangia harakati za kukomesha utumwa. Yeye aliweza kula kiapo cha mwombaji kwa sababu alikuwa mtu huru.

Mtumwa je? Mwaka 1857, katika jimbo la Mississippi, mtumwa mmoja aliyekuwa mhunzi alibuni chombo cha kupalilia pamba, cha kukokotwa na wanyama, kilichofanya kazi pande mbili za mstari kwa mpito mmoja. Nyaraka zinamtaja kwa jina moja tu: Ned. Bwana wake, Oscar Stuart, aliandika barua serikalini akiomba hataza kwa jina lake yeye Stuart. Hoja yake ilikuwa kwamba matunda ya kazi ya mtumwa, ya mikono na ya akili vilevile, ni mali ya bwana.

Sheria ikakwama. Kanuni ilimtaka mwombaji aape kwamba yeye ndiye aliyevumbua, na ataje ni raia wa nchi gani. Stuart hakuweza kuapa, kwani hakuvumbua. Ned hakuweza kuapa, kwani mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua katika kesi ya Dred Scott kwamba watu wa asili ya utumwa si raia. Tarehe 10 Juni 1858 Mwanasheria Mkuu wa serikali, Jeremiah Black, akatoa maoni yake rasmi: mashine iliyovumbuliwa na mtumwa, hata iwe mpya na yenye manufaa kiasi gani, haiwezi kupewa hataza. Kwa bwana wala kwa mtumwa.

Stuart hakuacha. Alikitengeneza chombo kile na kukiuza, na katika kukitangaza akajigamba kwamba kimebuniwa na mtumwa, eti huo ni ushahidi kwamba utumwa haudumazi akili ya mtu mweusi. Nimesoma mambo mengi ya kipindi kile, lakini hili huwa linanishika koo kila nikilirudia. Akili ya Ned ilikubaliwa, ikatangazwa, ikatiwa bei, na ikageuzwa kuwa hoja ya kumweka Ned palepale alipo.

Benjamin Montgomery alikuwa mtumwa katika shamba la Davis Bend, Mississippi, mali ya Joseph Davis, kaka yake Jefferson Davis. Alibuni pangaboi la kusukuma boti lililofaa mito yenye kina kifupi. Naye alikataliwa hataza, na akina Davis walipojaribu kuiomba wao wakakataliwa pia. Mwaka 1861 majimbo ya Kusini yakajitenga, Jefferson Davis akawa rais wao, na mapema kabisa yakatunga sheria yao ya hataza yenye kifungu kinachomruhusu bwana kuchukua hataza ya kitu alichovumbua mtumwa wake. Hapo unaona jinsi suala hili lilivyokuwa zito kwao. Watu waliokuwa wakihubiri kwamba mtumwa hana akili ya kubuni walihitaji sheria ya kumiliki alichobuni.

Waliokuwa huru nao walibanwa kwa njia nyingine. Norbert Rillieux wa New Orleans, aliyezaliwa huru mwaka 1806, alisoma uhandisi Paris na akafundisha hukohuko. Zamani maji ya miwa yalichemshwa kwenye masufuria wazi yaliyopangwa mstari, na watumwa walikuwa wakiyateka yakiwa yanachemka, kutoka sufuria moja hadi nyingine, wakiungua. Rillieux aliyafunga masufuria yale, akapunguza shinikizo la hewa ndani yake, akautumia mvuke uliotoka kwenye la kwanza kuchemsha la pili, na wa la pili kuchemsha la tatu. Kuni zikapungua sana, sukari ikawa nyeupe zaidi, watu wakaacha kuungua. Hataza zake ni za 1843 na 1846, na viwanda vya sukari ya miwa duniani vinatumia kanuni hiyo hadi leo. Louisiana ilipozidi kuwabana watu weusi huru katika miaka ya 1850, akarudi Ufaransa. Alifia Paris mwaka 1894.

Mtu ambaye ningekushauri umfundishe kwa kirefu kuliko wote ni Jan Ernst Matzeliger.

Alizaliwa Paramaribo, Suriname, mwaka 1852, baba Mholanzi na mama mweusi. Akiwa mtoto alifanya kazi kwenye karakana alikofanya kazi baba yake. Akawa baharia, akashukia Marekani, na mwaka 1877 akafika Lynn, Massachusetts, mji uliokuwa ukiishi kwa viatu. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, akawa anasoma usiku baada ya kazi.

Wakati huo kukata ngozi na kushona kulikwisha kuingia mashine. Kulibaki kazi moja iliyowashinda wahandisi wote: kuivuta ngozi ya juu juu ya kalibu, lile gogo la mbao lenye umbo la mguu, kuikunja vizuri kwenye kidole na kisigino, na kuipigilia misumari kabla ya soli kuwekwa. Mtengeneza viatu yeyote wa Kariakoo anajua hapo ndipo kiatu kinapopata sura au kinapoharibika. Pale kwenye kidole ngozi inakuwa nyingi kuliko nafasi, na lazima igawanywe katika mikunjo midogo inayolingana, kila mkunjo ushikwe ukiwa umevutwa kwa nguvu inayostahili, si zaidi. Fundi hodari alimaliza takriban jozi 50 kwa siku. Mafundi wa kazi hiyo walijua thamani yao, walilipwa vizuri kuliko wenzao, na walikuwa wakisema hakuna mashine itakayoweza kazi ya vidole vyao.

Matzeliger aliwatazama vidole. Alifanya kazi kiwandani mchana, jioni akajifungia chumbani akijenga mfano wa mashine kwa mbao za makasha ya sigara, waya na misumari. Mtu mmoja akataka kumpa dola 50 kwa mfano ule. Akakataa. Akajenga mwingine wa vyuma chakavu, akaahidiwa pesa nyingi zaidi kwa sehemu moja tu ya mashine, akakataa tena. Chakula chake miaka ile kilikuwa cha senti chache kwa siku.

Lakini kuna mahali ambapo kukataa hakukuwezekana. Mashine ya kweli ilihitaji vyuma vipya, karakana na ada, na yeye hakuwa na mtaji wala mahali pa kukopa. Akapata wadhamini wawili, na bei yao ikawa theluthi mbili ya haki zote. Akatia saini.

Ombi lake lilipofika Washington, michoro ilikuwa tata kiasi kwamba waliamua kumtuma mtu Lynn akaione mashine ikifanya kazi. Hataza namba 274,207 ilitoka tarehe 20 Machi 1883. Tarehe 29 Mei 1885 mashine ilijaribiwa kiwandani na kutengeneza jozi 75. Miaka michache baadaye, baada ya kuboreshwa, ilikuwa ikifikisha hadi jozi 700 kwa siku. Bei ya viatu ikashuka, na watu waliokuwa wakitembea kwa viatu vibovu wakaanza kununua vipya.

Matzeliger alikufa kwa kifua kikuu tarehe 24 Agosti 1889, akiwa na miaka 36. Makanisa kadhaa ya mjini yalikuwa yamemfungia mlango kwa sababu ya rangi yake. Moja, North Congregational, lilimpokea, na sehemu ya hisa zake aliliachia kanisa hilo. Kampuni iliyokuja kukusanya hataza za mashine za viatu, yake ikiwemo, iliundwa mwaka 1899 kwa jina la United Shoe Machinery, na kwa miongo mingi ilishika karibu biashara yote ya mashine za viatu Marekani. Utajiri ulikuwepo, Mwalimu. Uliwafikia wengine.

Mwanafunzi akikuuliza kwa nini hakuajiri wanasheria, mtajie Granville Woods. Huyu alibuni njia ya treni kupeleka na kupokea ujumbe wa telegrafu zikiwa mwendoni, ili zisigongane, na hataza yake ni ya mwaka 1887. Kambi ya Edison ilidai kwamba wao ndio walioanza. Woods alipambana nao na akashinda. Alikuwa na hataza kadhaa kadhaa za umeme na reli, na kesi za kuzilinda zikala alichopata. Alikufa New York mwaka 1910 akiwa hana kitu, na kaburi lake likakaa bila jiwe la jina hadi 1975.

Halafu kuna wale waliojificha wenyewe, na hao ndio wanaojibu nusu ya pili ya swali: mbona hatuwajui. Ellen Eglin, mwanamke mweusi wa Washington, alibuni chombo cha kukamua nguo baada ya kufua. Mwaka 1888 alikiuza kwa wakala kwa dola 18. Gazeti moja la wanawake wavumbuzi lilipomuuliza sababu, alieleza kwamba ikijulikana kuwa mwenye hataza ni mwanamke mweusi, wanawake wa kizungu hawatanunua. Aliyekinunua ndiye aliyechuma.

Morgan, yule wa taa, alikuwa na kifaa kingine muhimu zaidi kwa maoni yangu: kofia ya kujikinga na moshi, yenye mpira mrefu unaofika chini karibu na ardhi, kwa kuwa moshi na hewa ya moto hupanda juu na hewa safi hubaki chini. Alipata hataza mwaka 1914. Katika kuitangaza majimboni alikuwa akimkodi mzungu ajifanye ndiye mwenye kampuni, na yeye Morgan anajivika mavazi ya Mhindi Mwekundu na kuingia kwenye hema lililojaa moshi, akikaa humo ilhali watazamaji wanahesabu dakika. Usiku wa tarehe 24 Julai 1916 handaki la maji chini ya Ziwa Erie lililipuka likiwa na wafanyakazi ndani. Baadhi ya waokoaji wa kwanza waliingia wasitoke. Morgan aliitwa usiku, akaja na ndugu yake Frank, wakavaa kofia zile na kushuka, wakatoa watu. Habari zikaenea pamoja na picha zake, na baadhi ya miji ya Kusini, ilipojua mvumbuzi ni mtu mweusi, ikafuta oda.

Unaona mtego wenyewe: ukijitokeza, huuzi, ukijificha, husifiwi. Sasa, miaka mia baadaye, mtu anafungua vitabu, haoni sura nyeusi, anasema hawakuwepo.

Isitoshe, ofisi ya hataza ya Marekani haikuwa ikiandika rangi ya mwombaji. Ukisoma hataza ya Matzeliger huoni popote kwamba ni mweusi. Tunachokijua leo tumekirithi kwa sehemu kubwa kutoka kwa mtu mmoja, Henry Baker, mtu mweusi aliyekuwa mtumishi ndani ya ofisi hiyohiyo. Aliwaandikia barua wanasheria wa hataza nchi nzima akiwauliza: je, umewahi kuwa na mteja mweusi, jina lake nani, namba ya hataza ngapi? Wengine walijibu kwa dharau kwamba hawajawahi kumsikia mtu mweusi akiwa na wazo jipya. Wengine walitaja majina lakini wakaomba yasitangazwe, kwa kuhofia biashara ya mteja. Baker akajumlisha, akahakiki, akafunga michoro katika majalada, na mwaka 1900 majalada hayo yakaonyeshwa kwenye maonesho makubwa ya Paris yakiwa na hataza zaidi ya mia tatu.

Kabla ya hapo, tarehe 10 Agosti 1894, mbunge George Washington Murray wa South Carolina, aliyezaliwa mtumwa na wakati huo mtu mweusi pekee katika Bunge la Marekani, alisimama bungeni na kuwasilisha orodha ya hataza 92 za watu weusi ili iingie kwenye kumbukumbu rasmi. Yeye mwenyewe alikuwa na hataza za mashine za kilimo. Kwa hiyo ile orodha ya WhatsApp ina babu wa heshima. Orodha ya babu ilikuwa na namba na tarehe. Ya mjukuu imepoteza vyote viwili njiani.

Lipo jambo jingine nisingependa ulipite. Mwanauchumi Lisa Cook alikusanya hataza 726 za Wamarekani weusi za kati ya 1870 na 1940, akazilinganisha na matukio ya watu weusi kuuawa na makundi ya wazungu, ghasia za kuchoma mitaa yao, na sheria za ubaguzi. Kilele cha hataza zao kilikuwa mwaka 1899. Baada ya hapo, kadiri vurugu zilivyoongezeka, hataza zilipungua. Ni jambo linaloeleweka: mtu ambaye karakana yake inaweza kuchomwa usiku, na asijue polisi watakuwa upande gani, atakaaje miaka mitano juu ya mfano wa mashine?

Hadi hapa nimekuwa Marekani tu, kwa sababu nyaraka za huko ni nyingi. Lakini wewe uko Kagera, na una mvumbuzi mmoja ambaye kazi yake inafanywa na wazazi wa wanafunzi wako.

Vanila asili yake ni Mexico, na huko nyuki wa porini walisaidia maua kushika tunda. Ilipopelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi, mimea yake ilistawi, ikatoa maua, na maua yakaanguka bila kitu. Ndani ya ua kuna kijiwambo chembamba kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike, na hakuna mdudu wa huku aliyejua kukipita. Mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, Charles Morren, aliwahi kufanikiwa kuchavusha kwa mkono mwaka 1836, lakini njia yake haikufaa shambani.

Mwaka 1841, kisiwani Réunion, eneo la Sainte-Suzanne, mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond alimwonyesha bwana wake matunda mawili kwenye mmea uliokaa takriban miaka ishirini bila kuzaa. Bwana, Ferréol Bellier-Beaumont, hakuamini, akamtaka arudie mbele yake. Mtoto alichukua kijiti chembamba, akapasua ua kidogo, akakiinua kile kijiwambo, na kwa kidole gumba akaukandamiza upande wenye chavua dhidi ya ule wa pili. Sekunde chache tu. Akapelekwa shamba hadi shamba kuwafundisha watumwa wengine. Mwaka 1848 kisiwa kiliuza Ufaransa kilo 50 za vanila. Kufikia 1898 kilikuwa kikiuza tani 200, na Mexico ikapitwa.

Edmond aliachwa huru mwaka 1848, utumwa ulipokomeshwa katika makoloni ya Ufaransa, akapewa jina la Albius. Hakupewa ardhi wala pesa. Alifanya kazi za jikoni mjini, akatiwa hatiani kwa wizi na kufungwa, kisha akatolewa kabla ya muda baada ya kuombewa kwa kuzingatia alichokifanyia kisiwa. Baadaye mtaalamu wa mimea Mfaransa, Jean Michel Claude Richard, alidai kwamba yeye ndiye aliyeileta njia ile kisiwani. Aliyesimama kumkanusha, kwa maandishi, ni Bellier-Beaumont. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: bwana yule alikuwa amemmiliki mtoto kama mali, lakini bila barua zake jina la Edmond lingepotea. Albius alikufa maskini tarehe 9 Agosti 1880.

Njia inayotumika Bukoba, Muleba, Uganda, Comoro na Madagaska ni ileile, ua moja kwa wakati, kwa kijiti na kidole gumba.

Kwa darasa, ningefanya hivi. Achana na orodha ya majina thelathini. Chukua watu watatu. Mpe Ned kipindi cha uraia, wanafunzi wabishane kama mawakili: mmoja awe Stuart, mmoja Kamishna wa Hataza, na mmoja awe Ned, ambaye kisheria haruhusiwi kusema, akae kimya kipindi kizima halafu mwishoni aeleze alivyojisikia. Kwa Matzeliger, fungua tovuti ya Google Patents, haina malipo, andika namba 274,207, uchapishe michoro. Waache watafute mahali ngozi inaposhikwa na mahali msumari unapoingia. Fundi viatu wa mtaani akija na kalibu yake siku hiyo, kipindi kitakuwa kifupi mno. Hataza ya Latimer ni namba 252,386, na ya taa za Morgan ni 1,475,024. Dai lolote jipya likipita kundini, mwambie aliyelituma alete namba na mwaka, na lisipokuwa na vyote viwili likae kando hadi lithibitike.

Kwa Albius, ongea na mzazi mwenye shamba la vanila msimu wa maua utakapofika, na muende asubuhi na mapema. Ua la vanila hufunguka siku moja tu, na ikifika mchana limeanza kunyauka.